Makarani wa kura: toka mlolongo mpaka Fomu 34A

Haya jamani, kila uchaguzi ukikaribia wenzetu kibao hapa chuoni hukimbilia kuomba ukarani wa kura. Mafunzo siku chache, usiku mmoja wa kukesha, halafu posho. Kibarua tu, au siyo? Mimi naona historia ya uchaguzi wa Kenya ni historia ya hao vibarua na karatasi wanayojaza.

Tuanze 1988. Kwenye mchujo wa KANU watu walijipanga nyuma ya mgombea wao au picha yake, hadharani, wakubwa wa serikali wanatazama. Huo ndio mlolongo. Aliyepita asilimia 70 alienda bungeni bila kupingwa. Kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi! Sasa ukikataa utahesabu nini tena? Watu wameshaenda zao kupika. Mlolongo hauachi karatasi.

Vyama vingi viliporudi 1992 mlolongo ulikuwa umeshafutwa, lakini masanduku yalisafirishwa mpaka kituo cha kuhesabia cha eneo bunge. Karani alifunga sanduku, akaliaga. Ya njiani usiku mnaweza kuyawaza wenyewe. Ni 2002 ndipo kura zilipoanza kuhesabiwa palepale zilipopigwa.

Halafu 2007. Zilihesabiwa vituoni, ndiyo, ila jumla ya juu ikazua balaa. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na 2008 tume ya Jaji Kriegler ikasema haiwezekani kujua nani hasa alishinda urais. Yaani jasho la makarani nchi nzima likapotelea kwenye kujumlisha!

Dawa ilikuja Juni 2017, kesi ya Maina Kiai: Mahakama ya Rufani ilisema matokeo ya kituoni ni ya mwisho, Nairobi haina ruhusa ya kuyagusa. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na fomu za matokeo zilikuwa katikati ya ugomvi. Agosti 2022 Fomu 34A zikawekwa kwenye tovuti ya tume, vituo 46,229, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe.

Kwa hiyo ukipata hiyo kazi, ujue kituoni kura inainuliwa moja moja, jina linasomwa kwa sauti, mawakala wanaonyeshwa, fomu inasainiwa, nakala inabandikwa mlangoni. Saa nane za usiku, macho mazito, mawakala wamekukodolea, na wino ukishakauka hata mwenyekiti wa tume hawezi kubadilisha tarakimu yako.