Miguu ya Watazamaji: Historia ya Mbina Usukumani

Mvua zikikatika mwezi wa Mei, wilaya ya Meatu hugeuka rangi. Mtama unakauka mashambani, pamba inapasuka, na barabara zinazoingia mji wa Mwanhuzi zinajaa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe iliyobeba mizigo ya mavuno. Ghala zikishajaa na pamba ikishapimwa, mazungumzo ya jioni hubadilika: wiki hii mbina iko wapi, nani anacheza, na nani atakwenda kumtazama?

Mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma, zimefuata kalenda ya jembe tangu zamani. Kuanzia Novemba hadi Aprili mkulima hana nafasi ya safari. Kuanzia Juni hadi Agosti ana chakula nyumbani, ana fedha kidogo mfukoni, na njia ni kavu. Hata ngoma zenyewe zimetoka kazini. Bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, ilizaliwa katika vikundi vya kulima kwa pamoja, ambako mdundo uliwasaidia wakulima kwenda sawa toka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Bununguli ilikuwa ya wawindaji wa nungunungu. Bayeye, waliocheza na chatu, walikuwa wakamataji wa nyoka na waganga wa sumu yake.

Ushindani uliozipa mbina umaarufu wake unarudishwa nyuma hadi karne ya 19, kwa watu wawili: Ngika na Gumha. Masimulizi ya Usukumani yanawataja wote wawili kuwa wachezaji hodari na waganga, kila mmoja akidai kuwa dawa zake zina nguvu kuliko za mwenzake. Ubishi huo ukapelekwa uwanjani. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na hadi leo vikundi vingi vya ngoma hujitambulisha kwa upande mmoja kati ya hizo mbili.

Kanuni ya mashindano hayo ni ya kipekee. Vikundi viwili huingia uwanja mmoja na kuanza kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Umati ndio unaoamua. Watazamaji wako huru kuhama, na kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda.

Ndiyo maana manju, kiongozi wa wimbo, hutumia kila mbinu kuwavuta watu. Hutunga nyimbo mpya zenye habari za msimu, hubuni mavazi, huleta chatu au kinyago cha kushangaza, na tangu zamani hutafuta samba, dawa ya mvuto. Na ndiyo maana safari ya mtazamaji ina uzito. Aliyetembea kutwa nzima kutoka kijiji cha mbali amekwenda kupiga kura kwa miguu yake. Manju ambaye watu wake hawakufika huweza kushindwa hata kama ameimba vizuri.

Pamba iliongeza kasi ya mambo. Zao hilo lilipoenea Kanda ya Ziwa wakati wa ukoloni, msimu wa mavuno ukawa pia msimu wa fedha. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililojengwa na Paul Bomani na wenzake. Mkulima aliyelipwa pamba yake aliweza kununua baiskeli, na aliyekuwa na baiskeli aliweza kufika kwenye mbina ambazo baba yake alizisikia kwa masimulizi tu.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kazi yake Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Alikusanya ngoma, viti vya watemi na vifaa vya wachezaji, na hapo pakatokea Makumbusho ya Wasukuma. Aliihusisha pia sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya Bagika na Bagalu. Kwa njia hiyo tamasha la Bulabo likapata mahali na majira yanayojulikana.

Baada ya Uhuru, Bugobogobo ilivuka mipaka ya Usukuma. Vikundi vya taifa viliicheza, shule zikaifundisha, na leo kijana wa Dar es Salaam anaweza kuyarusha majembe yale bila kuwahi kulima pamba. Lakini jukwaani, mbele ya viti vilivyopangwa, kanuni ya zamani hupotea: mtazamaji aliyeketi hawezi kuhama.

Kwa hiyo anayetaka kuiona mbina kwa ukamilifu apange safari kwa kufuata mavuno. Kwa Bulabo, ahesabu wiki tisa kutoka Pasaka, kisha athibitishe tarehe Bujora kabla ya kuondoka. Kutoka Bariadi, barabara ya lami hupita Lamadi na Magu hadi Kisesa. Kwa mbina za vijijini Meatu, ofisi ya utamaduni ya wilaya na wenyeji wa Mwanhuzi ndio wa kuulizwa, kwa kuwa tarehe zake hutegemea shamba. Akifika uwanjani asiketi mahali pamoja. Ausikilize upande huu, avuke asikilize na ule, kisha asimame kwa manju aliyemshinda mwenzake.