Faida ghafi

Faida ghafi ni kiasi kinachobaki baada ya kutoa gharama ya bidhaa zilizouzwa katika fedha za mauzo. Gharama hiyo ni bei ya kununulia pamoja na usafirishaji na ushuru wa kuifikisha bidhaa dukani. Kodi ya pango, mishahara na umeme hutolewa baadaye ili kupata faida halisi.

Mfanyabiashara huitumia kuamua bidhaa ipi aitilie mkazo. Mauzo makubwa peke yake si dalili ya faida: duka linaweza kujaa wateja na bado likashindwa kulipa pango.

== Kiwango cha faida ==

Kiwango cha faida ghafi hupatikana kwa kugawanya faida ghafi kwa mauzo, kisha kuzidisha kwa 100. Kisichanganywe na nyongeza ya bei, ambayo hupimwa kwa gharama. Bidhaa iliyonunuliwa kwa shilingi 80 na kuuzwa kwa 100 ina nyongeza ya asilimia 25, lakini kiwango chake cha faida ni asilimia 20.

== Mfano ==

Tuchukue duka la rejareja lenye bidhaa tatu. Hesabu ni za mwezi mmoja, kwa shilingi:

| Bidhaa | Mauzo | Gharama | Faida ghafi | Kiwango | Wastani wa mali iliyopo dukani |
|---|---|---|---|---|---|
| Sukari | 3,000,000 | 2,820,000 | 180,000 | 6% | 470,000 |
| Mchele | 1,500,000 | 1,275,000 | 225,000 | 15% | 425,000 |
| Madaftari | 600,000 | 420,000 | 180,000 | 30% | 840,000 |

Sukari inaongoza kwa mauzo, na madaftari kwa kiwango cha faida. Hata hivyo, madaftari hukaa sana rafuni na kufunga mtaji mwingi. Faida ghafi ikigawanywa kwa thamani ya mali iliyopo, kila shilingi 100 za mtaji huzaa takriban shilingi 38 katika sukari, 53 katika mchele na 21 katika madaftari. Kwa hiyo shilingi ya ziada ingefaa kwanza kuingia katika mchele, mradi wanunuzi wapo.

Wazo la kuunganisha kiwango cha faida na mzunguko wa mtaji lilienezwa na Donaldson Brown wa kampuni ya DuPont nchini Marekani katika miaka ya 1910. Baadaye lilitumika pia katika kampuni ya General Motors.

== Athari ya punguzo la bei ==

Punguzo huliwa na faida, kwa kuwa gharama ya bidhaa haishuki. Mchele wa shilingi 100 katika mfano huu una faida ya 15. Ukipunguzwa bei kwa asilimia 5, faida hubaki 10. Muuzaji atalazimika kuuza mara moja na nusu ya kiasi cha awali ili apate faida ileile. Kwa sukari, faida ya 6 hubaki 1, hivyo lazima auze mara sita. Ndiyo maana punguzo moja kwa bidhaa zote linaweza kuliumiza duka.

== Mipaka ==

Faida ghafi haionyeshi kila kitu. Sukari yenye faida ndogo inaweza kuwa ndiyo inayomleta mteja anayenunua mchele. Ikiondolewa, mauzo mengine nayo hupungua. Mauzo ya mkopo huandikwa kama faida kabla ya fedha kupokewa, na deni lisipolipwa faida hiyo hupotea pamoja na mtaji. Madaftari nayo hutegemea msimu wa kufungua shule, hivyo mwezi mmoja hautoshi kuyahukumu.

Hesabu hii inahitaji kumbukumbu za manunuzi na mauzo kwa kila bidhaa. Bidhaa ambazo mwenye duka anachukua kwa matumizi ya nyumbani nazo lazima ziandikwe, la sivyo duka litaonekana kupata faida ndogo kuliko iliyopo.

<!-- -->