Kloramfenikoli na damu ya mtoto

Kloramfenikoli ni antibiotiki iliyogunduliwa mwaka 1947 kutokana na bakteria wa udongo wa Venezuela. Kwa miaka mingi ilitibu homa ya matumbo na homa ya uti wa mgongo kwa watoto, tena kwa bei nafuu.

Madhara yake kwenye damu ni ya aina mbili. Ya kwanza hutegemea dozi: uboho hupunguza kutengeneza seli, viganja vya mtoto hupauka, na hali hurejea kuwa ya kawaida dawa ikisitishwa.

Ya pili ni nadra, lakini huua.

Uboho hukoma kuzalisha seli, pengine wiki au miezi baada ya tiba. Mtoto hutokwa damu puani na kuandamwa na maambukizi. Ili kugundua mapema madhara ya aina ya kwanza, kipimo cha picha kamili ya damu hurudiwa wakati wa matibabu.