Alichelewa, Lakini Hakuruka Darasa

Tangu niache chuo, neno ninalosikia zaidi nyumbani ni "umechelewa". Shangazi hulisema hata akinipea chai. Kwa hivyo nilipopata stori ya Jennifer Higdon, nilijiambia: huyu sasa ndiye shahidi wangu.

Kwa muziki wa klasiki tumezoea stori za kina Mozart, aliyekuwa anatunga akiwa na miaka 5. Higdon, Mmarekani aliyezaliwa 1962, alishika filimbi akiwa na 15, akajifundisha mwenyewe. Masomo rasmi ya muziki alianza na 18, kutunga na 21. Kwa hesabu ya shangazi, huyo matatu ilishamwacha stejini.

Sasa skiza. Kazi yake "The Singing Rooms" imeunganisha vayolini moja, kwaya na okestra nzima. Ilipigwa mara ya kwanza Philadelphia, Januari 2008, Jennifer Koh akiwa kwa vayolini. Ina vipande saba vyenye mashairi ya Jeanne Minahan, kama vyumba vya nyumba moja, na vayolini ndiyo inakutembeza kutoka chumba hadi chumba.

Okestra ya Atlanta ikairekodi chini ya Robert Spano, ikatoka 2010. Mwaka huohuo Higdon akashinda Pulitzer kwa kazi yake nyingine ya vayolini. Na kwaya unayoisikia kwa hiyo rekodi, iliyoanzishwa na Robert Shaw 1970, ni ya watu wa kujitolea. Hawalipwi. Lakini hakuna anayeingia bila kujaribiwa sauti.

Nilikuwa tayari kumtumia shangazi stori yote kwa WhatsApp. Kisha nikasoma mbele kidogo. Manze! Huyu mama alimaliza Bowling Green, akaenda Curtis, akachukua udaktari wa muziki University of Pennsylvania 1994, akiwa na miaka thelathini na kitu. Kuchelewa alichelewa, lakini hakuna darasa aliloruka. Hata wale wa kwaya wasiolipwa hupita mtihani kwanza.

Mimi niliacha juu ya karo, na hiyo sitaomba mtu msamaha. Lakini karo haikunikataza kujifunza. Hiyo nilijikataza mwenyewe.

Ile meseji sikutuma. Siku hizi nikimaliza kupakia video, nakaa saa moja na masomo ya kuhariri sauti, kuanzia lile la kwanza kabisa nililoliruka.

Na wewe, uliambiwa umechelewa wapi? Niambie hapo chini.