Siku Nne Ndani ya Fundo

Ndugu zangu, sisi tuliosomea historia ya bahari yetu huku ughaibuni tumefundishwa pepo kama ratiba ya treni. Kaskazi inaingia Desemba, vyombo vinateremka kutoka Uarabuni na Uhindi. Kusi inaingia Aprili, vinarudi. Mwalimu anachora mishale miwili kwenye ramani, basi, somo limekwisha. Mishale ile haionyeshi chombo kilichokaa tu na nanga chini, na mimi naona hapo ndipo penye unahodha wenyewe.

Juni 1983, nikiwa na miaka kumi na miwili, tulipanda jahazi Wete, mimi na baba, twende Tanga. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa hoi kitandani. Shehena ilikuwa nazi na mikungu ya ndizi. Nahodha akatutoa mpaka Fundo, kile kisiwa chembamba kinachoikinga bandari ya Wete upande wa magharibi, akautazama mkondo wa Pemba, akashusha tanga. Tukakaa pale siku nne.

Anayeijua njia ile hatamlaumu. Kutoka Pemba mpaka bara ni kilomita hamsini hivi, na chini ni kina cha mamia ya mita. Wakati wa kusi upepo unasukuma kaskazini, na maji nayo yanakwenda kaskazini kwa nguvu. Jahazi iliyobeba haiwezi kubisha hali hiyo kwa muda mrefu. Ukiikosa Tanga utajikuta Wasini, kama hukujikuta chini. Lakini mtoto atayajuaje hayo? Mimi niliona mabaharia wanakumba maji, wanashona tanga, wanalala. Siku ya tatu tulianza kula shehena. Mpaka leo ndizi mbivu sina hamu nazo.

Kila alfajiri nahodha alisimama tezi, akatazama mawingu, akarudi kujilaza. Siku ya tatu baba alimfuata.

"Nahodha, mama yangu anakufa kule."

"Namwombea mamako, ndugu yangu. Lakini mkondo huu haujui mama wa mtu."

Siku ya tano upepo ulilegea, tukavuka, tukafika jioni. Bibi alikuwa amezikwa jana yake. Baba hakumuaga nahodha. Na mimi, wallahi, nilimchukia mzee yule kwa miaka mingi.

Chuki ile iliniisha maktabani, nikiwa nasomea udaktari, niliposoma safari ya Vasco da Gama. Wengi hupenda kusimulia alivyokwenda, sio alivyorudi. Aprili 1498 aliondoka Malindi na rubani aliyepewa na mfalme wa pale, akafika karibu na Calicut chini ya mwezi mmoja. Kusi ilikuwa inaanza, na rubani alijua kazi yake. Kurudi, aliondoka Calicut mwisho wa Agosti, akatua Anjediva, kisha Oktoba akaingia bahari kuu kabla kaskazi haijashika. Akakuta shwari na pepo za mbisho, karibu miezi mitatu majini. Watu kama thelathini walikufa kwa kiseyeye, na kila meli ikabaki na mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Malindi alifika Januari 1499, na siku chache baadaye akaichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Nisimwonee: Calicut alikuwa amegombana na mtawala, na kukaa kulikuwa na hatari yake. Lakini bahari ilimtoza.

Sasa, msinielewe kwamba kukaa bandarini ni salama daima. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, jambo la nadra sana kwa kisiwa kilicho karibu hivyo na ikweta. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilirushwa pwani au kuzama, na Seyyid Barghash akapoteza merikebu zake. Mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka kwa sehemu kubwa, Pemba ikanusurika. Waliokuwa wametia nanga siku ile hawakukosea hesabu. Hesabu yao haikuwa na tufani ndani yake. Nahodha wetu naye, pale Fundo, alikuwa anacheza bahati, ila bahati ile iligharimu mtu mmoja ambaye hakuwemo chomboni.

Baba yangu aliishi mpaka 2011. Likizo moja nilimkuta barazani, nikamsimulia yote haya: Anjediva, kiseyeye, meli iliyochomwa. Nilidhani nampa dawa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Hao waliokufa njiani waliwazika wapi?"

"Waliwatupa baharini, baba."

Akanyamaza kitambo. Halafu akaniambia nimmiminie chai.