Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Kongo

Mara nyingi twasikia wazazi wakisema: «Binti akijua kupika na kushona, yatosha.» Basi tuitazame historia ya nchi yetu, tuone kama maneno hayo ni ya kweli.

Sophie Kanza alizaliwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1940. Baba yake, Daniel Kanza, alikuwa makamu wa Kasa-Vubu katika chama cha ABAKO. Kaka yake Thomas alikuwa waziri katika serikali ya Lumumba mwaka 1960. Jamaa yake ilijulikana, lakini jina peke yake halimfundishi mtu.

Wakati wa Wabelgiji, wavulana walikuwa na seminari na shule za makarani. Wasichana walifundishwa hasa kazi za nyumbani. Kwa hiyo nchi ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakuna msichana Mkongo hata mmoja aliyekuwa amemaliza masomo ya sekondari. Sophie ndiye wa kwanza; alimaliza mwaka 1961 katika Lycée du Sacré-Cœur. Kisha akaingia Lovanium, chuo kikuu cha Wakatoliki kilichofunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1964 akapata diploma ya sosiolojia, yaani elimu ya maisha ya jamii. Hapo tena alikuwa wa kwanza.

Wengine waliogopa kwamba msichana msomi hatapata mume. Mwaka ule ule wa 1964 Sophie aliolewa na mwanasheria Marcel Lihau, akawa mama wa watoto.

Mwezi wa Oktoba 1966 Mobutu alimweka kuwa waziri wa mambo ya jamii. Alikuwa na miaka 26. Tufikiri kidogo: katika uchaguzi wa mwaka 1960 wanaume tu walipiga kura, na haki hiyo iliwafikia wanawake mwaka 1967. Basi mwanamke alikaa katika baraza la mawaziri kabla mama zetu hawajaruhusiwa kuchagua hata mbunge!

Sophie alifariki mwaka 1999. Mtu mmoja kupanda juu hakuwatoi wote mavumbini; hilo twalijua. Lakini mlango wake ulikuwa shule. Fedha ya masomo inapopungua nyumbani, ni nani anayeachishwa kwanza? Wazazi, tusijibu upesi. Tuwatazame kwanza binti zetu.