KAZI YENYE MAHALI PA KULALA: SAFARI ZA WATU WA GITEGA NA MUYINGA



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Kamati ya Jamii imeona vema turudi nyuma kidogo katika historia. Wengi wetu asili yetu ni Gitega na Muyinga, na kila mara husikika mtu akiuliza kama yupo mwenye shamba anayetoa kibarua pamoja na pa kulala. Swali hilo si geni. Babu zetu waliliuliza wakati ambapo hapakuwa na kambi ya wakimbizi wala kadi ya mgao.

Nyumbani Burundi jambo hilo lilikuwa na jina lake: ubugererwa. Mtu asiye na ardhi, au aliyekosana na ndugu zake juu ya urithi, alikwenda kwa mwenye ardhi akaomba pa kujenga na pa kulima. Akikubaliwa aliitwa mugererwa. Alijenga rugo, akapanda migomba, na kwa malipo alimfanyia shebuja kazi na kumpelekea sehemu ya mavuno. Hapakuwa na mshahara wala karatasi. Ukizuka ugomvi, mugererwa alifungasha vyombo akaondoka. Lakini migomba haifungashwi.

Kisha ukaja ukoloni. Wajerumani waliweka makao yao Gitega mwaka 1912, na Wabelgiji walioichukua nchi mwaka 1916 wakaendelea kumweka hapo Rezida wa Urundi, wakiandika Kitega katika barua zao. Pamoja na boma ilikuja kodi ya kichwa iliyotakiwa kwa fedha, kazi za barabara zisizo na malipo, na tangu miaka ya 1930 kilimo cha kahawa cha kulazimishwa. Aliyeshindwa alionja kiboko. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanganyika na Uganda ya Waingereza, kibarua kililipwa kwa shilingi. Hivyo Muyinga, iliyo jirani na Ngara, ikawa mlango wa kutokea. Watu wa Gitega walipita huko, au wakashika njia ya mashariki kupitia Ruyigi kuelekea Kibondo. Njaa kubwa ya 1943 na 1944, ile wazee waliyoiita Manori, ilisukuma wengine wengi.

Safari zilikuwa mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha makala haya.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Buganda, kupitia Bukoba na kuvuka mto Kagera hadi Masaka na mbele yake. Huko, Mapatano ya 1900 yalikuwa yamegawa ardhi kwa Kabaka na wakubwa wake katika mashamba ya mailo, na wenyeji walilima pamba na baadaye kahawa bila kuwa na mikono ya kutosha. Mkulima wa Kiganda alimpokea mgeni, akampa kibanda na ndizi za kula, na mgeni akawa mpakasi, yaani kibarua. Kwa msimu wa kwanza hali yake haikuzidi ya mugererwa. Lakini akishajulikana kuwa mtu wa kazi aliweza kwenda kwa mwenye mailo kuomba kibanja chake mwenyewe. Hapo aliingia chini ya Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928, ambayo iliweka kiwango cha kodi ya kiwanja na ya mazao, na ikamzuia mwenye ardhi kumfukuza mpangaji alivyopenda. Kibarua akageuka kuwa mwenye boma. Wengi walichukua majina ya Kiganda, na wengine hata wakajiunga na koo za huko. Sensa ya Uganda ya 1959 ilihesabu Warundi zaidi ya 130,000.

Safari ya pili ni ile ambayo hata leo kwa Kirundi huitwa Manamba. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Neno lenyewe linatokana na namba: mtu alipoandikwa kazi alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa, alilipwa na kupewa posho. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandika watu, iliyojulikana kama Silabu. Walioandikwa walisafirishwa hadi shambani, wakapewa nyumba katika safu za nyumba za wafanyakazi, na unga na maharage vikapimwa. Kipande kilikuwa na siku 30 za kazi, na siku isiyotimizwa haikuandikwa.

Nyumba hizo ziliitwa kambi. Tunalitumia neno lilelile, ingawa sisi hatukuja kukata mkonge.

Kwa kijana aliyetoka Muyinga akiwa na shuka moja, haya hayakuwa mabaya yote. Alipata paa siku ile ile aliyofika, na shughuli za kutafuta chakula zilipungua. Ubaya ulikuwa mahali pengine. Paa, posho na kazi vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Aliyegombana na nyapara juu ya kipande aligombana pia na mwenye nyumba yake, na mkewe alikuwa ndani ya nyumba hiyo. Ni vigumu kudai haki mchana ikiwa jioni utarudi kulala kwa yule unayemdai.

Baadaye bei ikaanguka. Uzalishaji wa Tanzania ulifikia kilele mwaka 1964, karibu tani 230,000, kisha kamba za nailoni na plastiki zikauharibia mkonge soko. Silabu ilifungwa mwaka 1965, na mwaka 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba. Maelfu walipunguzwa kazini. Kati ya Warundi wapo waliorudi, na wapo waliobaki Tanga na Morogoro wakalima walipoweza, na wajukuu wao wako huko. Hata kibanja cha Buganda kilitikiswa: amri ya ardhi ya Idi Amin ya 1975 iliondoa ulinzi wa sheria ya 1928, nao haukurudishwa hadi Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, yafaa tukumbushe kwamba mambo haya yalishaonekana na wakubwa wa dunia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unaweka kazi ya ujira katika kifungu cha 17 na makazi katika kifungu cha 21, vitu viwili mbalimbali. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya mashamba makubwa, wa 1958, unataka mfanyakazi aliyeachishwa apewe muda wa kutosha kabla ya kuhama nyumba ya shamba. Pendekezo la shirika hilo hilo la 1961 linasema wazi kwamba, kwa kawaida, si vizuri mwajiri mwenyewe awe ndiye mtoa nyumba, isipokuwa pale ambapo mazingira yanalazimisha. Kwa hiyo anayekubali kibarua cha kulala shambani na aulize mapema, mbele ya shahidi: kazi ikiisha nitakaa siku ngapi, na mihogo niliyopanda kando ya kibanda itavunwa na nani?

Turudi Burundi. Ubugererwa ulifutwa kwa sheria ya tarehe 30 Juni 1977, na ardhi aliyokuwa akiitumia mugererwa ikawa yake. Lakini aliyekimbia mwaka 1972 hakuwapo. Alikuwa Ulyankulu au Katumba, akikata pori katika ardhi aliyopewa na Tanzania, na rugo lake la zamani likawa na mtu mwingine au likarudi kwa shebuja. Mwaka 2006 ilipoundwa tume ya taifa ya kusikiliza mashauri ya ardhi ya waliorudi, mtu wa namna hiyo alikuwa na mashahidi wa kuthibitisha kwamba aliishi pale na kwamba migomba aliipanda yeye. Lililobaki lilikuwa kueleza kwamba aliishi hapo kwa ruhusa ya nani.